Safari Ndefu, Duka Pembeni

Tarehe 22 Machi 2024, kampuni ya Capcom ya Japani iliingiza sokoni gemu yake ya Dragon's Dogma 2, na ndani ya siku chache yakatokea mambo mawili ambayo si kawaida kukaa pamoja. Kwenye Steam, duka kubwa la mtandaoni la gemu za kompyuta, watu zaidi ya 220,000 walihesabiwa wakiicheza kwa wakati mmoja. Kwenye duka hilohilo, wengi wa walioandika maoni waliwashauri wenzao wasiinunue. Wahakiki nao walikuwa wameshaimwagia sifa siku mbili kabla haijatoka, na wastani wa alama zao ulipita 80 kwa 100. Anayetazama kwa mbali atasema hawa ni vijana wa siku hizi, hawaridhiki na chochote. Nadhani maelezo hayo ni ya kivivu. Mabishano juu ya gemu hii yana mantiki yake, na mantiki yenyewe si ngumu kuiona: mchezaji huvumilia taabu anayopewa na gemu pale tu anapoamini kwamba taabu hiyo imewekwa kwa nia njema. Capcom ilitengeneza gemu inayotegemea imani hiyo kuliko gemu nyingi za aina yake, kisha ikaitikisa siku ya kwanza kabisa.

Dragon's Dogma 2 ni gemu ya kuvaa uhusika. Kwa msomaji ambaye gemu anayoijua ni ya mpira au ya mbio za magari, maana yake ni kwamba hushiki timu wala usukani. Unashika maisha ya mtu mmoja katika dunia ya kubuni, unamchagulia sura, silaha na kazi, na mambo mengi yanakwenda kwa kadiri ya maamuzi yako. Hapa mtu huyo anaitwa Arisen. Joka limemnyofoa moyo likaondoka nao, na kiti cha enzi kilichopaswa kuwa chake kimekaliwa na mtu wa uongo. Anasindikizwa na wasaidizi watatu waitwao Pawn. Mmoja unamuumba mwenyewe. Wawili unawaazima kutoka kwa wachezaji wengine popote walipo duniani. Wa kwako naye anaazimwa hivyohivyo, na anaporudi huwa amejua kazi na njia ambazo wewe bado hujazifikia, akaanza kukuelekeza. Ni ubunifu mzuri sana, na hata walioichukia gemu hii wengi wao wanakubali hivyo. Mwongozaji wake, Hideaki Itsuno, ndiye aliyeongoza gemu ya kwanza mwaka 2012, na ndiye mwenye jina kubwa kutokana na mfululizo wa Devil May Cry.

Ugomvi unaanzia njiani. Katika gemu nyingi za aina hii, ukishafika mahali mara moja, safari ya pili haipo: unafungua ramani, unabonyeza jina la mji, umefika. Skyrim ya mwaka 2011 iliwazoesha mamilioni ya watu utaratibu huo. Itsuno aliukataa. Kabla gemu haijatoka alieleza kwamba watu wakiona safari inachosha, basi gemu yenyewe ndiyo inayochosha, na dawa ni kuifanya njia iwe na mambo. Kwa hiyo katika Dragon's Dogma 2 kuruka kutoka mji hadi mji kunahitaji jiwe maalumu la kusafiria ambalo dukani, ndani ya gemu, linauzwa sarafu 10,000, fedha ambayo mchezaji mchanga haioni kwa urahisi. Na jiwe hilo halikupeleki utakako. Linakupeleka tu palipo na kito cha kituo, na vito hivyo ni vichache, vingine unavisimika mwenyewe baada ya kuvihangaikia. Asiye na jiwe anatembea kwa miguu, au anapanda mkokoteni wa ng'ombe.

Mkokoteni huo unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake mna gemu nzima. Unakwenda kituoni Vernworth, mji mkuu wa ufalme wa Vermund. Mkokoteni usipokuwepo, unaketi kwenye benchi kuusubiri. Ukishapanda unaweza kusinzia, na mara nyingi unazinduka umefika. Lakini pia unaweza kuzinduliwa na makelele: vijitu vikorofi vya goblini vimeziba barabara, Pawn wako wameshashuka wanapigana. Au anashuka grifini, mnyama mwenye mwili wa simba na kichwa na mabawa ya tai, na kabla hujachomoa upanga mkokoteni umekuwa vipande vya mbao. Nauli imekwenda. Jua linazama, na usiku katika gemu hii ni giza kwelikweli. Taa uliyofunga kiunoni inakula mafuta, na mafuta yanaisha. Kila pigo unalopata linakula sehemu ya afya ambayo dawa hairudishi mpaka ulale. Unatafuta pa kupiga kambi, unachoma nyama (watengenezaji wameweka filamu ya nyama halisi ikichuruzika mafuta kwenye moto, jambo lisilo na ulazima wowote na la kupendeza kabisa), na hata hapo unaweza kuvamiwa na hema lako likaharibiwa.

Mchezaji mmoja akipitia hayo anasema: hii ndiyo safari ya kweli niliyoikosa katika gemu nyingine zote. Mwenzake anasema: nimepoteza jioni nzima na sijafika nilikokuwa naenda. Wote wawili wamesema kweli, na ugomvi wao ungekuwa wa ladha tu, ule usio na mshindi, laiti mambo yangeishia hapo. Hayakuishia hapo. Siku gemu ilipotoka, ukurasa wake wa mauzo ulionekana una vitu 21 vya kununua kwa fedha halisi, juu ya bei ya gemu yenyewe ambayo ilikuwa dola 70. Palikuwa na kito cha kituo kwa karibu dola 3. Jiwe la kufufulia wafu kwa dola 1. Kitabu cha kubadilisha sura ya mhusika kwa dola 2. Vifaa vya kambi vyepesi kubeba. Fuwele za kukodishia Pawn wenye uwezo mkubwa. Hata ufunguo wa jela.

Ukiwauliza watetezi wa Capcom, watakuambia kelele zilizofuata zilitokana na kutoelewa, na sehemu ya hoja yao ina nguvu. Vitu hivyo vyote vinapatikana ndani ya gemu bila kulipa. Watu wengi walisambaza habari kwamba Capcom inauza usafiri, kumbe jiwe la kusafiria lenyewe halikuwekwa sokoni. Kilichouzwa ni kito cha kituo, na kwa kila mchezaji kimoja tu. Capcom, isitoshe, ina mazoea hayo. Devil May Cry 5 ya mwaka 2019, ambayo Itsuno huyuhuyu aliiongoza, iliuza vito vyekundu vya kuongezea nguvu, na toleo jipya la Resident Evil 4 mwaka 2023 liliuza tiketi za kuboresha silaha. Watu walinung'unika kidogo, maisha yakaendelea. Kwa nini safari hii iwe vita?

Jibu langu ni kwamba katika Devil May Cry 5 uhaba wa vito haukuwa kiini cha gemu. Kiini kilikuwa wepesi wa vidole vyako, na huo hauuzwi. Katika Dragon's Dogma 2 uhaba ndio gemu. Mwongozaji anataka uwe mbali na nyumbani, umechoka, mzigo umekuelemea, jiwe huna, ndipo hadithi itokee. Ukiweka duka pembeni ya uhaba wa namna hiyo, hata kama duka lenyewe ni dogo na halina maana, umempa mchezaji swali ambalo hatalisahau. Mwalimu mkali anayefundisha kwa kina darasani anaweza kuwa mwalimu bora shuleni. Lakini akianza kuuza twisheni jioni kwa wanafunzi walewale, kila mzazi atajiuliza kama ugumu wa asubuhi ulikuwa wa elimu au wa biashara. Si lazima mwalimu awe ametenda kosa. Inatosha kwamba sasa hakuna anayeweza kuwa na hakika. Mkokoteni ukivunjwa na grifini, mchezaji aliyeona orodha ile haoni tena bahati mbaya ya barabarani. Anaona mtu anayemsukuma kuelekea kaunta.

Ndiyo maana naona hoja ya kwamba vitu hivyo si vya lazima haijibu kitu. Inathibitisha kwamba gemu haikupangwa ili kuuza, na mimi ninaamini hivyo, kwani gemu ya kwanza ya mwaka 2012 ilikuwa na mawe ya kusafiria yale yale na uhaba ule ule. Lakini mchezaji mpya wa mwaka 2024 hakuicheza ya mwaka 2012. Mbele yake ana bei ya dola 70 na orodha ya vitu 21. Tena miezi saba tu kabla, Larian ya Ubelgiji ilikuwa imetoa Baldur's Gate 3, gemu ya aina hiyohiyo, kubwa na ngumu, bila kuuza chochote ndani yake kwa fedha ya ziada, na ikabeba tuzo kubwa za mwaka. Mnunuzi hupima bidhaa kwa bidhaa iliyo jirani yake.

Jambo la pili lililoitikisa imani ya mchezaji ni la kiufundi, na hapa watetezi wana machache ya kusema. Kompyuta inayocheza gemu hugawa kazi: kadi ya michoro inachora picha, prosesa inafanya mahesabu ya nani yuko wapi na anafanya nini. Picha zikitoka 60 kwa sekunde jicho linaona mwendo laini. Zikishuka chini ya 30 unaona mikwamo. Wakazi wa Vernworth si mapambo. Kila muuza duka, askari na mpita njia anahesabiwa mwendo wake na jinsi mwili wake unavyogusana na mazingira, na Capcom yenyewe ilikiri kwamba mzigo huo ndio unaoielemea prosesa. Matokeo yake, watu wenye kompyuta za gharama kubwa waliingia mji mkuu na picha zikaanza kukwama. Kukazuka hata jaribio la kikatili: baadhi ya wachezaji waliwaua wakazi wa mji na kukuta kasi ya picha inapanda. Ni kichekesho, lakini kimebeba ushahidi kamili wa tatizo lilipo. Capcom iliomba radhi siku hiyohiyo ya uzinduzi.

Unganisha sasa ubovu huo na muundo wa gemu. Dragon's Dogma 2 inakuhifadhia maendeleo kwa mhusika mmoja tu, na haikuruhusu kurudi nyuma kwa hiari yako; unaweza kurejea mahali pa karibu ulipohifadhi, au usiku wa mwisho uliolala nyumba ya wageni. Nia yake ni kwamba uamuzi ukishafanywa umefanywa. Katika gemu isiyo na hitilafu, huo ni ujasiri. Katika gemu inayokwama, kila kosa linazua shaka: nimeshindwa mimi au imeshindwa mashine? Halafu siku ya kwanza kwenye kompyuta hapakuwa na kitufe cha kuanza upya. Aliyejuta kuhusu sura ya mhusika wake aliona njia mbili tu za haraka: kufukua mafaili, au kununua kitabu cha dola 2. Sidhani kuna aliyekaa Osaka, yaliko makao ya Capcom, akapanga mtego huo. Ila mtu aliyelipa hana dirisha la kuchungulia nia ya waliokaa Osaka.

Mfano ulio bora kuliko yote wa jinsi kitu kimoja kinavyosomwa kwa macho mawili ni ile tunayoweza kuiita tauni ya joka. Pawn anaambukizwa. Dalili zipo: analalamika kichwa, anakuwa kaidi kwa amri zako, macho yake yanang'aa wekundu. Ukipuuza ukalala mjini, usiku anageuka, na asubuhi unakuta watu wa mji huo wamekufa: wauza duka, wenye kazi za kukupa, na hata uliokuwa umejenga nao urafiki. Mchana kabla ya hapo ungeweza kumtupa Pawn huyo mtoni, naye angerudi salama baadaye. Kwa upande mmoja hili ni tukio la kusimulia miaka. Hakuna gemu nyingine iliyomfanya mchezaji amkague rafiki yake machoni kabla ya kulala. Kwa upande mwingine, dawa ya kuwarudisha wafu ni mawe ya kufufulia, na jiwe la kufufulia lipo kwenye orodha ya dola 1. Ninaloliona mimi ni kwamba tauni hii ni wazo bora kuliko mengi yaliyokuja na gemu za muongo huu, na kwamba kuweka jiwe lile dukani kuliiharibia sifa kuliko hitilafu yoyote ya picha.

Kuna pingamizi la upande wa pili ambalo halihusu duka wala prosesa, na halipaswi kupuuzwa. Linasema: mwaka 2012 aliyekuwa na miaka 15 alikuwa na likizo nzima ya kutembea msituni, leo ana kazi, ana mtoto, ana saa moja usiku. Gemu inayompokonya saa hiyo kwa ajili ya mkokoteni uliovunjika haimheshimu. Wanaojibu kwamba asiyetaka asicheze wanasahau kwamba ameshalipa. Steam humrudishia fedha aliyecheza chini ya saa mbili na kuomba ndani ya siku 14, lakini saa mbili katika gemu hii ni za kuumba mhusika, kutoroka utumwani na kufika mjini. Usiku wa kwanza wa kupotea bado uko mbele. Hata hivyo sikubali kwamba muda mchache unadai kila gemu iwe ya haraka. Mtu mwenye saa moja bado anasoma riwaya ya kurasa 600, kidogo kidogo, na haombi afupishiwe. Anachohitaji ni kuelezwa mapema anachoingia, na kuhakikishiwa kwamba kila ukurasa umewekwa na mwandishi kwa sababu yake mwenyewe. Tunarudi palepale penye imani.

Na ushahidi kwamba wachezaji hawakimbii taabu upo jirani. Elden Ring ya FromSoftware ilitoka Februari 2022. Ni ngumu kuliko Dragon's Dogma 2, haina mahali pa kupunguza ugumu, na inamwua anayeanza mara nyingi bila maelezo. Ndani ya mwaka mmoja iliuza nakala zaidi ya milioni 20. Nayo ilipotoka iliwekewa maoni mchanganyiko kwenye Steam kwa sababu picha zilikuwa zinakwama kwenye kompyuta. Hitilafu ziliporekebishwa, maoni yakapanda sana, na ugumu ukabaki vilevile. Haikuwa na duka la vitu ndani yake. Aliyeshindwa na adui mara 30 alijua anachodaiwa ni ustadi peke yake. Kweli, Elden Ring inakuruhusu kuruka kutoka kituo hadi kituo bure, kwa hiyo si kipimo kamili cha safari ndefu, lakini ni kipimo kizuri cha uvumilivu.

Tukirudi kwenye maoni ya Steam, ndipo tunaona jinsi yalivyotupotosha. Steam haimwombi mchezaji alama. Inamuuliza swali moja, unawapendekezea wengine au huwapendekezei. Anayechukia mikokoteni, anayekasirishwa na duka na anayelia na prosesa wote wanabonyeza kidole kilekile cha kushuka. Kando ya kila maoni yapo masaa aliyocheza mwandishi, na humo utakuta aliyekataa kuipendekeza baada ya masaa mengi ya kuicheza kwa raha, kwa sababu kura yake ni ujumbe kwa kampuni na si hukumu juu ya gemu. Wahakiki nao walicheza kabla duka halijafunguliwa. Walipima safari bila kaunta, wakaipenda. Sioni kwamba walihongwa, kama ilivyodaiwa na wenye hasira. Walipewa kitu tofauti kidogo na kile kilichouzwa siku mbili baadaye.

Capcom ilitangaza kwamba nakala milioni 2.5 zilitoka katika takriban wiki mbili za mwanzo, kwa hiyo vita hivyo havikuizuia kuuza. Lakini marekebisho yake yanaonyesha ni malalamiko yapi iliyaona ya haki. Kitufe cha kuanza upya kiliongezwa haraka. Nyumba ya mchezaji mwenyewe, ambamo analala na kuhifadhi maendeleo bila kulipa, ikaletwa mapema zaidi katika hadithi. Kasi ya picha mjini ikashughulikiwa kwa miezi. Tauni ikafanywa isitokee mara kwa mara. Baadaye ikaongezwa hali nyepesi, ya hiari, kwa wenye saa moja usiku, inayopunguza gharama na makali ya safari. Itsuno mwenyewe aliondoka Capcom mwishoni mwa Agosti 2024 baada ya miaka mingi, huku mikokoteni, giza na grifini wake wakibaki kama alivyowaacha. Kitabu cha kubadilisha sura, kile cha dola 2, akiba yake ndani ya gemu ikapandishwa hadi nakala 99, kwa fuwele ambazo mchezaji hulipwa Pawn wake anapoazimwa na wengine. Anayependelea kukilipia kwa dola hajakatazwa.